Jibu la Barua ya Malalamiko

Bi Lavinia,
barua yako imefika na alama ya kidole gumba cha tope
pembeni, nami nikaipenda kabla sijaisoma.
Unasema: miaka saba. Majani tu.
Majani mazuri, unakiri, ya kijani kilichokolea,
lakini ua hata moja, hata la kusingiziwa,
na unataka dola zako kumi na nne.

Sikatai. Kitalu hiki hakijawahi kumdhulumu mtu.
Baba alikuwa akirudisha pesa pamoja na gharama ya stempu,
kisha analala bila kusema na yeyote.
Ila kabla sijafungua droo
niruhusu swali moja:
mzizi uliupanda kina gani?

Maana mzizi wa peoni una macho.
Mekundu, kama pua za watoto asubuhi ya jalidi.
Yanataka vidole viwili vya udongo juu yake,
viwili, tena vya mwanamke.
Yanataka kusikia baridi ikipita.
Hapa Nebraska watu huyahurumia,
huyafukia mbali na theluji,
kumbe theluji ndiyo saa yao.
Ukiyashusha chini mno, hayafi.
Yanaishi. Yanatoa majani.
Yananyamaza.

Nimekutafuta kwenye daftari la oda.
Oktoba, tarehe tisa. Mzizi mmoja, macho matano,
aina ya Shemeji wa Theluji,
na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
*Upelekwe leo. Mazishi ni Jumamosi.*

Basi.
Ulishika koleo wiki ile
ambayo kila shimo lilikuwa na kina kimoja.

Mimi nilimzika Emmerik mwezi wa Aprili
na mwaka ule nikapanda viazi vikaoza vyote,
mistari kumi na miwili. Sikumwambia mtu. Nakwambia wewe.

Sasa sikiliza. Usiuguse hadi Septemba.
Chimba kwa uma, usichimbe kwa koleo,
anzia mbali, kama unayemwendea farasi kwa nyuma.
Usivute. Inua.
Utaukuta umenenepa huko gizani, miaka saba si haba.
Uoshe. Hesabu macho.
Urudishe palepale, vidole viwili.
Utanuna mwaka mzima, pengine miwili;
peoni ina kisirani na haina haraka,
mama yangu alichanua — angalia ninavyoandika! —
peoni ya mama yangu ilichanua mwaka wa tatu
baada ya sisi kukata tamaa na kuegesha trekta karibu nayo.
Na ukiona sisimizi kwenye vitumba, waache.
Hawaibi. Wanalamba utamu tu, wanaondoka.

Ndani ya kifurushi nimetia na kijiti chenye miiba.
Ni waridi. Namba arobaini na moja. Jina halina.
Bibi alikitoa Denmaki kimechomekwa kwenye kiazi;
melini kiazi kililiwa, kijiti kikanusurika
ndani ya soksi yenye unyevu.
Huchanua mara moja, siku kumi za Juni,
hunukia pilipili manga na chai iliyopoa.
Wauzaji wakubwa walikwisha kukitupa: wateja wao
wanataka ua liwake miezi mitano kama taa ya dukani.
Sisi tunauza vitatu, vinne kwa mwaka.
Mwaka jana, kimoja.

Dola zako nazo zimo kwenye bahasha.
Ukichanua, usizirudishe,
niandikie rangi tu. Katalogi inasema nyeupe.
Mama alishikilia kwamba kuna tone jekundu
ndani kabisa, kwenye petali moja,
na baba alimwambia anatia chumvi,
wakabishana miaka thelathini kila Juni, wameinama
vichwa vikigusana juu ya ua lilelile.
Mimi sikuwahi kuliona, na macho yangu sasa
yanaliona daftari kwa shida.

Angalia wewe.

Dagny Skaarup,
Kitalu cha Skaarup na Wanawe
(wana hawapo, kibao ni cha zamani)